Binti Yangu Haoni, Lakini Hataki Kuacha Hesabu

Shangazi Truphena, nisaidie, kichwa kinanizunguka, mimi ni mama yake Marion, amezaliwa haoni na sasa yuko sekondari ya bweni Homa Bay, mhula huu wakampa kifaa cha breli cha kompyuta, vijidoti vinapanda na kushuka chini ya vidole naye anasoma, masomo yote anaenda vizuri lakini hesabu akapata sufuri, mwalimu akaniita akasema, "Mama Marion, hesabu si ya wasioona, kubali aiache," na baba yake, mvuvi huku Karungu, akakubali papo hapo, lakini Marion akasema, "Mama, sikukosa mimi, alama zilipotea njiani," akamwomba rafiki yake Lynnet amsomee karatasi ya wanaoona, kumbe palipoandikwa x mraba, ile mbili ndogo ya juu kifaa kiliishusha ikawa x2, naye akazidisha kwa mbili, na alama ya kipeuo haikutokea kabisa, basi Marion akasema kompyuta huandikiwa hesabu kwa mstari mmoja, Lynnet akachapa x^2, hicho kialama kama paa dogo kinaonyesha namba imepanda juu, na kipeuo akakichapa kwa herufi sqrt na mabano, nikamwona kwa macho yangu Marion akipitisha vidole na kujibu moja baada ya nyingine, akanishika kidole akakiweka kwenye vijidoti, "Nyathini, mtoto wako, anaona hapa, Mama," lakini Shangazi, mwalimu anataka jibu Jumatatu, na je, akianguka mtihani?

Mama yake Marion, Karungu

Mama Marion, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Pole kwa hofu. Lakini mama, mtoto amegundua kosa ambalo watu wazima wenye macho hawakuliona, na wewe bado unauliza kama anaweza hesabu?

Usikubali aiache. Jumatatu nenda shuleni, na Marion aongee mwenyewe. Mwombe mwalimu amrudishie mtihani uleule, umechapwa kwa mstari mmoja, aone majibu. Yeye na Marion wakubaliane kila alama itachapwaje kabla ya mtihani mwingine. Breli ya hesabu ya karatasi asiiache, ina alama zake kamili, na muulize mwalimu mapema mtihani wa taifa utamfikia kwa njia gani. Baba yake aje pia, samaki watamngoja.

Na akianguka siku moja, aanguke kwa swali alilolisoma lote, kama wenzake.

Shangazi Truphena