Karatasi Mbili za Dada Furaha

Malvern, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijakuuliza habari za mguu wako, acha nilitoe hili kwanza, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Dada Furaha aliponyimwa viza mara ya kwanza, kosa lilikuwa langu. Sijamwambia mtu, hata mchungaji. Sikutaka kukutumia sauti kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Barua hii anakuletea Mama Divine, yule Mrundi anayeuza vitenge jirani na saluni yetu. Nimeifunga kwa gundi, maana naye yumo ndani na hajui.

Sasa mguu je? Bado unaukanda kwa maji ya chumvi? Sisi ni wazima. Baridi imeanza, asubuhi nafungua saluni ya dada hapa Jules Street nikiwa nimevaa makoti mawili. Tangu nimalize shule kazi yangu ni kufagia, kuosha vichwa, na kuandika chochote kinachotaka Kiingereza.

Hapo ndipo lilipoanzia. Unakumbuka mama yake shemeji Bosco, anayeishi Lille kule Ufaransa, macho yake yalikuwa yanakwisha. Alimwambia shemeji: "Kwenye simu naona ukungu tu. Niletee mke wako nimtazame karibu, kabla sijabaki na sauti peke yake."

Shemeji anafanya kazi kwenye bohari kule Midrand na hurudi amechoka. Akaniachia bahasha yenye cheti cha ndoa na nakala ya pasipoti yake ya Ubelgiji. "Msomi wetu, jaza fomu," akasema.

Siku hiyo dada alikuwa ametoka kununua rasta, na Mama Divine amekaa kwenye kiti akisubiri kusukwa. Akaiona bahasha.

"We mtoto, toa hizo! Wakijua ana mume mwenye pasipoti ya kule, watasema huyu harudi tena. Andika anakwenda kutalii. Sharp, sawa?"

Nilitaka kumwuliza mbona yeye amenyimwa mara mbili, lakini unanijua, siwezi kubishana na mtu mzima. Tena, mama, kwenye foleni za vibali huku kila mtu anakufundisha cha kuficha. Nikazitoa zile karatasi mbili, nikaziweka chini ya boksi la rangi za nywele, nikaandika "utalii". Dada akatia sahihi bila kusoma, kwa kuwa ananiamini.

Wakamnyima. Barua ilisema hawakuridhika kwamba atarudi. Dada hakulia, ila alisuka vichwa vitatu mfululizo bila kupumzika. Shemeji akapiga meza: "Ofisi gani hii isiyoheshimu ndoa ya watu?" Nami nilisimama pale naosha vikombe, ndoa yenyewe iko chini ya boksi la rangi.

Nikaanza kusoma sheria kwenye simu, sentensi moja moja. Kumbe mke wa raia wa Umoja wa Ulaya, akisafiri na mumewe kwenda nchi nyingine ya umoja huo ambayo si ya mume, viza yake ni bure, inashughulikiwa haraka, na haulizwi hoteli wala taarifa za benki. Shemeji ni Mbelgiji na safari ni ya Ufaransa. Wangekuwa wanakwenda Ubelgiji, mambo yangekuwa mengine. Kinachotakiwa ni pasipoti zao, cheti cha ndoa, na kuonesha kwamba wanasafiri pamoja. Na mbili kati ya hizo ndizo nilizozificha.

Nikawaambia nimeona njia nyingine, tukarudi ofisi ya viza ya Ufaransa, mimi na dada, safari hii na karatasi zote. Mama wa dirishani akapekua faili. "Taarifa za benki ziko wapi? Na hoteli?"

Dada akanitazama. "Samahani, mama," nikasema. "Huyu ni mke wa Mbelgiji, wanakwenda Ufaransa pamoja. Sheria haimdai hizo."

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa kwenye ukurasa wenu wa mtandao."

Akaingia ndani, akakaa sana. Aliporudi akapokea faili. "Wewe ni wakili?"

"Hapana, mama. Naosha vichwa."

Dada alicheka mpaka foleni nzima ikageuka.

Viza ikatoka, wakasafiri. Juzi walinipigia kwa video. Mama mkwe alikuwa amemkalisha dada karibu na dirisha, anamgeuza uso aelekee jicho lake la kulia. La kushoto lilizimika katika zile wiki tulizopoteza.

"Kumbe una vishimo mashavuni!" akasema. "Bosco hakuniambia."

Dada akasema mbele ya wote: "Bila mdogo wangu nisingefika hapa." Wakanipigia makofi. Nikazima kamera, nikasingizia mtandao.

Najua lile jicho sikulizima mimi, mama. Lakini lingemwona.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na babu mshona viatu. Kaka yangu mdogo mwambie daftari zake anazo Mama Divine.

Usimwambie dada, mama. Sikuombi unifichie milele. Pale dirishani niliweza kusema na mtu nisiyemjua. Dada akirudi nataka nimwambie kwa mdomo wangu huu huu, asilisikie kwanza kwa mwingine. Mpaka siku hiyo, naomba libaki kwako tu.

Binti yako,
Neema