Kiraka Nilichokibandua

Baba yangu mpendwa,

Nimeharibu kazi yako. Nilitaka nianze kwa kukusalimu na kukupa habari za Mama, lakini wewe ulikuwa ukisema habari mbaya isizungushwe, basi nimeitanguliza.

Tangu Jumatano seva, ile kompyuta kuu, haizungumzi na kompyuta nyingine. Zile kumi tulizoletewa na wafadhili, zinazoitegemea seva kwa kila kitu, zinawashwa na kubaki na kioo cheusi. Masomo ya hesabu uliyowaandikia kidato cha nne yamo humo, na sasa hayafiki kwao. Mkuu wa shule amesema mtandao usipopona kufikia kesho, chumba chako cha kompyuta kitakuwa ghala la mpunga wa bweni. Magunia kutoka Chumbi yameshafika; yamepangwa barazani.

Unakumbuka likizo ile tuliyoshinda chumbani humo, mimi na wewe tu? Kadi ya mtandao ilikuwa ikifanya kazi dakika mbili, kisha inaganda. Ulinieleza kwamba kadi ni nzima, kosa limo kwenye draiva, yaani programu inayoielekeza seva namna ya kuitumia kadi. Sukari ilikuwa imeshaanza kukuharibu macho, kwa hiyo mimi nilisoma kioo kwa sauti na wewe ukaandika.

“Soma taratibu, mama. Usiruke hata nukta.”

Ilikuwa mistari tisa. Siku ya nne kompyuta zote kumi zilipata mtandao kwa pamoja, nawe ukacheka mpaka ukalazimika kukaa juu ya meza. Mistari ile uliiita kiraka, ukasema suruali ikitoboka goti haitupwi. Ukaihifadhi kwenye flopi, ile diski bapa ya plastiki, na kwenye daftari lako ukaandika: “Mtandao ukikataa, weka kiraka.”

Baba, niliamini sentensi hiyo kama ninavyoamini Zaburi.

Jumatano mvua ilikatika, tukaambiwa tufanye usafi. Unawajua watu wa huku Kibiti: jua likitoka baada ya masika, kila chenye unyevu kinaanikwa. Magodoro yalitoka, mikeka ikatoka, mpaka Kurani na Biblia za maktaba zikafunguliwa juani. Nasi tukaifungua seva, tukaanika kadi zake kwenye mkeka. Msimamizi nilikuwa mimi. Tulipozirudisha na kuwasha, mtandao ukakataa.

Nikakimbilia daftari lako. Nikaweka flopi, nikaandika amri kama ulivyoiandika. Seva ikaniuliza kwa Kiingereza: kiraka hiki kinaonekana kimeshawekwa, je, nikigeuze? Sikuelewa. Nikajibu ndiyo. Wewe unanijua, mkubwa akiniuliza jambo nisilolielewa huwa naitikia tu, ili asikasirike. Seva nayo niliiogopa vilevile. Ikatii, ikaing'oa mistari yote tisa.

Ndipo akaja Mwanahawa, yule rafiki yangu ambaye ulikuwa ukimwita wakili. Alichungulia ndani ya seva akauliza, “Shoga, hii kadi ilikuwa tundu hili?”

Haikuwa. Vumbi lilionyesha wazi mahali pake pa zamani. Tuliihamisha, na seva ikaitambua papo hapo. Ikafanya kazi dakika mbili, kisha ikaganda, kama kabla ya likizo yetu. Kumbe ilihitaji kurudishwa tundu lake tu. Kiraka chako kilikuwa salama mpaka nilipokigusa mimi.

“Na ilipokuuliza ukajibu nini?” Mwanahawa akauliza.

“Ndiyo.”

“Wewe hata fisi akikubishia hodi utamwambia karibu, kiti hicho.”

Nilicheka, halafu nikalia, naye akanishika bega. Tuliirudisha flopi ili tuweke kiraka upya. Ikakwaruza, ikakwaruza, haikusomeka. Nilipousogeza mlango wake mdogo wa chuma niliona madoa ya ukungu. Ilikuwa imekubali mara moja tu, nayo nimeitumia kubandua.

Ijumaa Mkuu wa shule aliniita. “Binti yangu, simlaumu mtu,” alisema. “Fundi ameondoka na ufundi wake.” Nilitaka kumwambia kwamba fundi aliuacha, na aliyeupoteza ni mimi. Midomo ilifunguka, nikamwamkia shikamoo mara ya pili, nikatoka.

Mama hajui. Anadhani nimekuja shule kujisomea. Hapa pana mimi, jenereta, na karatasi. Nimekuwa nikifumba macho nijaribu kujisikia nilivyokuwa nikikusomea siku zile. Mitatu ya kwanza imekuja yenyewe. Miwili inayofuata nimeipata kwa sababu ulikohoa katikati yake, nikalazimika kuirudia. Miwili ya mwisho naikumbuka kwa kicheko chako. Nimefikisha saba. Nimeiandika kwenye draiva nikajaribu, seva imeikataa. Haina haja na saba.

Pumzika, Baba. Ningependa kukuaga nikiwa na habari njema, lakini saa kumi jenereta itazimwa na kesho asubuhi magunia yataingia. Mstari wa sita na wa saba siioni. Nikifika hapo nakusikia wazi kabisa, umeweka vidole tayari, unasema, “Endelea, mama,” nami sina cha kukusomea.

Mimi binti yako,
niliyekuwa macho yako