Kwa Wacera, Aliyesikiliza Miguu Ikitua

Mwaka umezunguka, Mama Wendy, tangu asubuhi ile ya Novemba moyo wako uliposimama ghafla hapa Kamakwa, chai ikiwa bado jikoni. Hadi leo nikiamka natega sikio upande wa jikoni. Halafu nakumbuka.

Watu wa Nyeri walikujua kama yule mama wa vyuma vya mazoezi. Ligi ya raga ikiisha, wachezaji wa kulipwa kutoka huku kwetu mlimani walikuja kwako uwatie nguvu upya kabla hawajarudi kwa klabu zao Nairobi. Uliwavutisha tairi la trekta kupanda kilima hadi wakakuita majina mabaya. Kisha uliwalisha ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, na mayai, na ole wake anayebakisha. Ulikuwa mkali, lakini hakuna aliyeondoka bila kuulizwa habari za mama yake.

Kilichowashangaza zaidi ni masikio yako. Mchezaji aliyekuwa ameumia ulimpandisha juu ya lile sanduku la mbao, ukamwambia aruke chini, nawe ukampa mgongo ukichambua maharagwe. Miguu iliyopona hutua pamoja, mlio mmoja. Ule wenye maumivu huchelewa kidogo, na sikio hupata milio miwili. Ulisema macho hudanganywa na uso wa mtu anayetaka sana kucheza. Njoka, lile jitu la watu kutoka Chuka, alijaribu bahati yake.

"Coach, daktari amesema niko fiti."

"Ati fiti? Na hiyo mguu ya kushoto mbona imechelewa? Bado, Njoka. Kaa chini ukule."

Alinuna wiki nzima. Anacheza hadi leo, na ndiye aliyeshika jeneza lako mbele tulipokuteremsha shambani.

Mimi, muuza dawa za kupe, kazi yangu katika raga ilikuwa wasiwasi tu. Mwanetu Mwai alipoingia uwanjani nilitoka nje ya uzio nikasimama na wachoma mahindi hadi kipenga cha mwisho. Ulinicheka hadi machozi. "Baba Wendy, wasiwasi wako ungekuwa misuli, ungeinua hii nyumba!" Ningetoa chochote nichekwe hivyo tena.

Februari, ukiwa hupo, goti la Mwai lilikatika kano akicheza. Alipasuliwa, akarudi nyumbani kujijenga kwa vyuma vyako, dada yake Wendy akimsimamia jinsi ulivyomfundisha. Jumamosi hii ndiyo alikuwa arudi uwanjani. Mkataba wake unaisha mwezi ujao, na klabu ilitaka kumwona akicheza kabla ya kuamua kama itambakisha. Daktari alikubali. Kocha alikubali. Mimi nilibaki na wasiwasi wangu.

Jana alasiri alilibeba sanduku lako hadi uani.

"Baba, geuka. Nisikize."

"Mimi najua nini, Mwai? Mimi ni mtu wa kupe."

"Wee geuka tu."

Nilikaa kwenye kigoda chako na ungo wa maharagwe mapajani. Mengine yaliniponyoka yakamwagika. Aliruka. Nilisikia moyo wangu tu, nikamwomba arudie. Aliruka tena, na safari hii nikasikia: mlio, na nyuma yake mwingine mdogo, kama mtu anayefunga mlango polepole asiamshe watoto.

Niliogopa, Mama Wendy. Sikujua kama nimesikia goti au nimesikia woga wangu. Nikikosea, nimemnyima mwanangu kazi. Nikinyamaza, huenda goti likakatika tena na asicheze maisha yake yote. Ningekuuliza wewe, na wewe ndiye hupo. Nikayakazia macho maharagwe, nikasema neno lako.

"Bado."

Mimi nilingoja Mwai afoke, arushe sanduku, aniambie sijui kitu. Alikuja akaketi chini kando ya kigoda, akaunyoosha ule mguu.

"Hata mimi nimeskia, Baba," alisema. "Nimeskia wiki nzima. Nilikuwa nangoja mtu aseme."

Alimpigia kocha simu yeye mwenyewe kumwambia hatacheza. Kocha hakufurahi, amesema watazungumza. Hatujui mkataba utakuwaje, na sitakudanganya, bado naogopa ninapoandika haya. Lakini Jumamosi, wenzake wakiwa uwanjani, Mwai atakuwa hapa nyumbani kwa maombi ya kukukumbuka, akitembea kwa miguu yake miwili. Njoka ametuma salamu kwamba atafika, na Cucu, mama yako, ameshaanza kutafuta ngwaci za kumtosha.

Tunaokukumbuka kwa upendo ni mimi mumeo Theuri, watoto wako Wendy na Mwai, mama yako Cucu Murugi, ndugu zako Ben na Phyllis, pamoja na wachezaji wako wote uliowaambia "bado" wakanuna.

Hatutakusahau kamwe, Wacera. Sanduku lako liko uani. Mwai ataruka tena Jumatatu, nami nitageuka nisikilize.