Droni Iliyorudi Miritini

Mikindani, Mombasa

Kaka yangu Tsuma,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Kaloleni, na wifi Jerioth mgongo umempoa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na wewe wajua kwa nini.

Uliposikia nimepata kazi ya kupika Miritini, ulimshukuru Mungu. Sikukwambia nampikia nani. Ni Injinia Bramwel, kaka. Yule yule ambaye droni yake ilianguka juu ya jiko la mama, watu wake wakazoa vyuma kabla polisi hawajafika, naye akasimama mbele ya majirani akasema mtungi wa gesi ndio uliolipuka. Mama yetu, aliyekuwa akifunga gesi hata akienda msalani! Mpaka leo watu hapa wanasema alijiua kwa uzembe. Wewe uliniambia tumwachie Mungu. Mimi nikamfuata Bramwel na mwiko mkononi.

Karakana yake inajaribu droni za jeshi, za kuchungulia mipakani. Hii mpya ina injini ya petroli na mota za umeme. Kwenye safari ndefu injini hunguruma huku ikichaji betri. Ikifika pa kupeleleza, injini huzimwa, ikaruka kwa betri, kimya kabisa. Hayo niliyasikia nikigawa chai. Nilichokitaka mimi ni kimoja tu: wakubwa waione ikianguka kwa macho yao, Bramwel akose mtungi wa kusingizia.

Jumanne wakaja wageni wa jeshi. Droni ikapaa, ikapita juu ya nyumba za watu, mara injini ikaanza kukohoa, ikazima. Nikasema moyoni, haya, anguka! Wapi! Ikayumba kidogo, betri ikashika, ikarudi taratibu na kutua mbele yetu. Wageni wakapiga makofi. Nilitaka kulia kwa hasira.

Bramwel kichwa kikamvimba. Akawaambia wageni kuwa ile ya kwanza ilikuwa ya injini peke yake, ndiyo maana ilipozima iliangukia jiko huko Mikindani ikaua mwanamke; ndipo naye akaongeza betri. Alisema hivyo akicheka, na simu za wageni zinarekodi. Nikaweka sinia chini, nikamwambia yule mwanamke alikuwa mama yangu. Ungemwona alivyokauka, kaka! Afisa mmoja alinitumia ile video, na jana nimeipeleka kwa wakili. Sitaki pole ya Bramwel wala fidia yake. Namtaka kizimbani, na Mikindani nzima ije isikie mama hakuwa mzembe.

Lakini kuna jambo wakili halijui, nawe usimwambie mtu, hata wifi. Petroli ile niliitia maji mimi, nikidhani injini ikizima ghafla betri haitawahi kushika. Injini ilipokohoa, chini yake palikuwa na mwanamke anaanika nguo uani. Nilimwona, kaka. Nilimwona vizuri, na bado niliomba ianguke.

Msalimie wifi na watoto, na jirani yetu Nzai. Siku ya kesi nitakuita, uje tukae benchi moja, hata kama utakuwa umenikasirikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kafedha