Naomi, Nimekipindua Kigoda

Naomi,

Shikamoo.

Nimekaa na daftari hili tangu asubuhi na hilo ndilo neno pekee lililotoka lenyewe. Miaka kumi na miwili niliingia nyumbani kwa neno hilo, mimi mume wako niliyekuzidi miaka sita, na wewe uliitikia marahaba bila kucheka. Watu wangejua, mimi wangesema nimelishwa dawa na wewe wangekuita mchawi. Hawakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nimehama. Leo ni siku ya nne niko kijijini, kando ya barabara ya kwenda Ikungi, nyumba ya saba upande wa jua linakozama. Nyumba zimepangwa mistari, zinatazamana kama watu waliogombana. Bomba wametuahidi. Shule ipo. Zahanati wanasema itajengwa, na waliposema neno hilo mkutanoni nilitoka nikaenda kukojoa, ingawa sikuwa na mkojo.

Unataka kujua hali yangu. Sijambo. Nakoroga uji, nausahau, naunywa umepoa. Yule mbuzi wa pembe moja amezaa pacha, nikawaona, nikapita. Sijakulilia mpaka leo, na sisemi hivi kwa kujisifu. Dada yako Ester anasema nimekuwa gogo. Nilimjibu kwamba gogo halina shida na mtu. Akaondoka bila kuaga.

Nataka nikueleze jinsi nilivyohama, maana uliniambia nisihame. Lakini nitaanza mbali kidogo, univumilie. Huku hakuna ninayeweza kumsimulia mambo haya, na nisipoyaandika nitaanza kudhani niliyaota.

Unaikumbuka jioni ile nimetoka kwenye mkutano wa kisima. Binti yetu Salome alikuwa mdogo, ameshaanza kulala kwa bibi yake. Mchana kutwa watu walikuwa wamenikodolea macho: balozi useme, balozi uamue. Nyumba kumi, na kila nyumba na ubishi wake. Nilikaa kizingitini nikasema, "Naomi, niambie la kufanya." Ukasema, "Kachote maji." Nikasema sivyo, nataka uniamuru, na mimi nitii, humu ndani, kila siku. Hukucheka. Ulisema utafikiri, ukafikiri siku tisa. Siku tisa hizo nilijuta kila nilipokutazama ukipepeta uwele.

Ulipomaliza kufikiri ulikuja na masharti yako, umesimama katikati ya nyumba umejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Amri ingeishia kizingitini. Nje ningebaki mume kama waume wengine, ungenitengea maji na kunyamaza nikiongea. Ndani ningekuamkia, ningepiga magoti ukitaka, ningefanya ulilosema mpaka useme "imetosha." Bila neno hilo amri ingeendelea. Kisha ukakivuta kile kigoda cha miguu mitatu alichokichonga baba yangu, ukakiweka mbele yangu. "Na wewe lazima uwe na lako," ulisema. "Mtu asiyeweza kukataa, kukubali kwake ni bure. Siku ukichoka, kipindue. Nitanyamaza, na sitakuuliza sababu."

Nilikuuliza kama na wewe unataka kweli, au unanihurumia. Ulisema tangu utoto umeamriwa na baba, kaka, shangazi na katekista, umebakia kuamriwa na mbuzi, kwa hiyo ndiyo, unataka sana. Ndipo tukacheka wote wawili.

Ningependa kukumbuka mambo makubwa, lakini yanayokuja ni madogo. Kukuosha miguu ukitoka shambani, na kidole chako kile kilichopinda. Nilipokosea ulinisimamisha pembeni kwenye mitungi, uso ukutani, na harufu ya udongo mbichi. Nilisimama hapo nikisikia unavyotembea nyuma yangu, bila haraka, mpaka uliponiwekea mkono shingoni na kusema imetosha. Naomi, sijapata kupumzika mahali popote kama nilivyopumzika pale kwenye mitungi. Wanaume wenzangu walikwenda kwenye pombe kutafuta kitu kile nilichokipata nikiwa nimesimama kama mtoto wa shule.

Na ilikuwa kazi kwako, sikulijua hilo mwanzoni. Uliniangalia kama mtu anavyoangalia sufuria ya maziwa jikoni. Ulijua nikiwa na njaa kabla yangu. Siku nyingine ulisema, "Leo sina amri, Yona. Leo tukae tu." Tukakaa.

Hata barua hii ni amri yako. Nilikuwa balozi asiyejua kusoma. Barua za kata nilizikunja nikazitia mfukoni, nikisema nitazisoma nikitulia. Walipoanzisha kisomo cha watu wazima niliona aibu kwenda. Ulinikalisha kwenye kigoda, ukanipa mkaa na kipande cha ubao: "Hakuna chakula mpaka uandike jina langu." Niliandika NAOMI ugali umeshakauka, na ile M ina mguu wa ziada. Kesho yake nilikwenda kisomo. Mwalimu alinisifu mbele ya watu kwa bidii yangu, nikakubali sifa isiyo yangu.

Kigoda nilikipindua mara moja tu katika miaka hiyo yote. Nilikuwa nimetoka kumzika mama. Uliniambia nivue viatu, nipige magoti, ukidhani mazoea yatanishika nisianguke. Sikuweza. Nilikipindua, miguu juu. Ukashuka kitandani palepale, ukaketi kwenye vumbi karibu nami, hukusema neno mpaka kuku walipoingia. Hukuniuliza siku ile wala baadaye. Siku ya tatu nilikisimamisha mwenyewe.

Sasa nafika pale nisipotaka kufika.

Siku gari la misheni lilipokuja kukuchukua, tumbo lilikuwa limekuvimba na ulikuwa huwezi kusimama sawasawa. Ester alikuwa ameshaingia garini na kapu lako. Wewe ukakataa kupanda, ukasema umesahau kitu ndani. Wakadhani khanga. Ukaniita. Nilipovuka kizingiti, nikakuamkia nawe ukaitikia, ndipo uliposema, umeshikilia nguzo ya katikati: "Yona, usinifuate. Kaa humu. Usihame mpaka nirudi nikuambie imetosha." Nikasema nimesikia. Ukaniwekea mkono shingoni, ulikuwa wa moto. Ukatoka.

Nilikaa. Siku ya kwanza kaka yangu Daudi alileta baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akasema hospitali si mbali kwa baiskeli. Nikamshukuru. Ilikaa pale siku zote sita, imejazwa upepo. Nililisha mbuzi, nilifagia, niliosha hata mitungi. Siku ya sita gari lilirudi na wewe ukiwa nyuma, umefunikwa.

Walikulaza ndani. Nikapiga magoti karibu na kichwa chako, nikakaa hivyo kwa muda mrefu sana, mpaka Daudi akaninyanyua kwa makwapa. Walidhani nasali. Nilikuwa nasubiri useme.

Wakati wa matanga Ester alinijia mbele ya wanawake wote. Alisema, "Shemeji, wewe ni mtu wa namna gani? Aliuliza mara mbili kama umekuja. Mara ya pili akageukia ukutani." Ningesema nini? Kwamba mke wangu alinikataza? Pale nilikuwa balozi wa nyumba kumi.

Mara mbili, Naomi. Ulitaka nini? Uliuliza ili uhakikishe nimetii, au uliuliza kwa sababu ulitamani nisitii? Nimeligeuza hili mwaka mzima kama mtu anavyogeuza kibuyu akitafuta kilipopasuka. Nina hasira na wewe. Naiandika kwa sababu ni kitu pekee ninachokihisi vizuri siku hizi. Ungeweza kusema njoo. Neno moja tu, Ester angelileta.

Na hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe. Kigoda kilikuwa pale, hatua mbili kutoka miguu yangu. Nilikiona. Haki ile ulinipa wewe mwenyewe, ulinilazimisha niipokee, na siku ya kuitumia sikuitumia. Nimejiambia nilitii kwa sababu kutii ndiko nilikojua kukupenda, na ni kweli. Lakini kuna kweli nyingine chini yake. Kukaa kulikuwa rahisi. Aliyeambiwa akae haulizwi kama anaogopa. Ningekuja, ningekuona unakufa. Nilijificha nyuma ya amri yako.

Basi nikaendelea kukaa. Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa ilipofika kwetu, mimi balozi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wahame kwa hiari. Nilisema vizuri, wakahama. Nyumba tisa zikabomolewa, nguzo zikapakiwa kwenye lori, ikabaki ya kumi ambayo ni yangu. Katibu wa kata alikuja mara tatu. "Ndugu balozi, mfano si ndio wewe?" Nikasema nitahama. Lini? Nikaenda kulisha mbuzi. Wengine walianza kusema nina ng'ombe nimewaficha. Wengine wakasema napinga siasa. Mzee mmoja alinijia njiani akanipa mkono kwa siri, akaniita shujaa. Mimi nilikuwa namngojea mke wangu aseme neno moja.

Walinipa mpaka Ijumaa. Salome alikuja kutoka Kintinku kwa mumewe kunisaidia kufunga mizigo, ana tumbo la miezi sita, hakuniomba ruhusa. Ijumaa saa nne lori lilikuwa nje. Vijana wameshaanza kubomoa paa letu la udongo upande wa zizi, udongo unaanguka ndani ya nyumba yetu, jua linaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Salome alikuwa anatoka na kigoda begani. Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia mtoto yule kelele, akasimama ananitazama. Nikakichukua. Nikawaambia vijana wasubiri kidogo.

Nikaingia. Nikasema shikamoo.

Nilisubiri, Naomi. Nilisubiri kweli, si kwa mzaha. Ile mitungi ilikuwa imeshatolewa, pembeni pana duara mbili tu za unyevu. Nguzo uliyoishika ilikuwa bado imesimama. Nikakiweka kigoda chini mahali pake pa siku zote. Nilikitazama. Nikasema kwa sauti kwamba nilipaswa kufanya hivi mwaka jana, gari likiwa mlangoni. Kisha nikainama nikakipindua, miguu juu.

Tulipatana nikikipindua utanyamaza, na hutaniuliza sababu. Ulinyamaza. Hukuniuliza.

Hapo nikadhani sasa nitalia. Sikulia. Nikatoka. Salome alinishika mkono kunipandisha lorini nami nikamwacha anishike. Kaburi lako nililiona mpaka tulipopinda kwenye yale mawe makubwa.

Kwa hiyo usiseme nilihamishwa. Wale wa kata wanaamini ni wao, Salome anaamini ni yeye. Nimehama kwa hiari yangu, kama nilivyokutii kwa hiari yangu. Kigoda nimekuja nacho. Kipo hapa karibu na mlango, bado miguu juu. Salome alitaka kukisimamisha akikalie, nikampa gunia la mtama.

Leo asubuhi nilikunywa uji ukiwa bado wa moto. Hakuna aliyeniamuru. Nimeona nikuambie.

Sasa nakuaga, daftari linakwisha na mkono umechoka. Mwanamke mwingine sitamwamkia mlangoni, hilo halihitaji kiapo. Ninachokuahidi ni hiki. Siku nikifika huko uliko nitapiga hodi, nitavua viatu, nitasema shikamoo kabla ya kitu kingine chochote. Ukiitikia, nitakaa utakaponionyesha. Usipoitikia sitakulaumu. Nitakwenda pembeni kwenye mitungi, kama huko kuna mitungi, nitasimama uso ukutani kwa ajili ya zile siku sita nilizokaa, mpaka wewe mwenyewe useme imetosha.

Yona