Nimesaga Kakao Meksiko

Achieng, mjukuu wangu,

Mmeamkaje huko jangwani Al Wukair, joto halijawaua? Mimi niko Meksiko, mzima, na nimenenepa. Anayeniandikia ni mama yako, na nimemkataza kupunguza hata neno.

Leo sisi wanawake sita wa safari hii tulienda kwa mama mmoja anayefundisha kusaga kakao. Mama yako alitaka nibaki hotelini. "Mama, na hayo magoti, utatuchelewesha." Nikaenda. Kumbe wanasagia juu ya jiwe, umepiga magoti, vile nilivyosaga mtama nikiwa msichana! Hawa manesi na watu wa kompyuta walisaga vidole. Mama yako akamwaga nusu sakafuni. Nikamwambia, "Ondoka hapo, wewe hata maharagwe unanunua ya kopo." Magoti yalilia, nikayanyamazisha, nikasaga mpaka kakao ikang'aa kama mafuta. Mwenye nyumba akapiga kelele za furaha, akanivalisha aproni yake. Lugha yake siijui, yangu haijui, lakini tulicheka mpaka nikakohoa.

Kiongozi wetu wa safari akanitafsiria: binti wa mwenye nyumba anaolewa keshokutwa, anaomba kesho nirudi tusage ya harusi. Wenzangu wanaenda kuona makanisa ya zamani. Mama yako ameniuliza kwa adabu kama anaweza kuja nami. Nimesema aje, ataosha vyombo.

Ijumaa, siku yenu ya ibada huko, ukienda kanisani Mesaimeer, watangazie wote. Kula ushibe, kipenzi changu. Nakukumbatia kwa hii mikono ya kakao, hata uchafuke.

Nyanya yako