Kwa Dada Estela, Uliyeambiwa Uonje

Dada yangu mpenzi Estela,

Nimetoka kanisani sasa hivi, hata kitambaa cha kichwa sijavua. Leo nimekuombea kwa jina, kwa sauti, mpaka mama mmoja wa mbele akageuka kuniangalia. Mwache ageuke. Nina jambo la mwanao Modesta la kukuambia, ila siwezi kuanzia hapo.

Unakumbuka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kule upande wa Mnyambe, nyumba zimepangwa mistari kama madawati? Mikorosho yetu ikabaki mbali. Mumeo alikuwa amerudi ng'ambo ya Ruvuma kuipigania Msumbiji yao, na Modesta bado ananyonya. Ilipofika habari kwamba hatarudi tena, ulilia sana, kisha ukaacha kulia ukaanza uraka, pombe yetu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Kaka yetu Lukasi naye alikuwa mnywaji. Mlikunywa pamoja, kibuyu kimoja, uani kwa mama, mnacheka mpaka anawafukuza na mwiko.

Pombe ilikuwa ileile, dada. Lakini Lukasi akianguka njiani, vijana wenzake walimbeba wakiimba, wakamlaza, na mama akamkorogea uji. "Mwanamume ana mawazo," walisema. Kana kwamba mjane hana. Wewe ulianguka mara moja tu, karibu na ghala la korosho, wala hakuna aliyekubeba. Walikusanyika kutazama.

"Mfunikeni basi hiyo miguu," alisema mmoja.

"Ya nini? Huyo sasa ni wa wote."

Nilikufunika mimi kwa kanga yangu, msichana wa darasa la saba. Jumapili wakakutoa kwenye kwaya. Lukasi akaendelea kuipigia ngoma kwaya hiyohiyo, macho mekundu kama pilipili.

Halafu kikao cha ukoo. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Na mjomba wa Modesta alikuwa nani kama si Lukasi? Alikaa kwenye kigoda, harufu inamtoka, akasema, "Mtoto halelewi na mlevi. Atakaa kwangu."

Ukamwuliza, "Kaka, na wewe je?"

Wazee wakacheka. "Mama Modesta, unajilinganisha na mwanamume?"

Ukaacha pombe. Mungu ni shahidi yangu, uliacha kabisa. Masika yote ulilima mihogo, ukashuka bondeni kuteka maji, mikono yako ikaacha kutetemeka. Ndipo ukaenda kwa Lukasi, ukapiga magoti. "Shikamoo kaka. Nimekuja kumwomba mwanangu."

"Marahaba. Ngoja msimu wa mabibo uishe. Wavulana wanatoka jandoni, na mke wangu ana mimba kubwa. Nipikie nipa ya sherehe, kisha umchukue mwanao."

Nipa ni huo uraka ukishapikwa ukawa mkali, na kwetu kuupika ni kazi ya wanawake. Ungemkatalia vipi, na mtoto yuko mkononi mwake?

Siku ya kupika nilikuwepo, nakuchochea moto. Ulibandika chungu, ukaupoza mrija kwa maji uliyopanda nayo mlima. Nipa ilipodondoka ukampelekea kaka kikombe mbele ya wageni. Hakukipokea. Desturi ni kwamba mpishi huonja kwanza, watu waone hakuna sumu.

"Onja," akasema.

Ulitazama mlangoni, alikosimama Modesta ameng'ang'ania doti ya mke wa Lukasi. "Kaka, naomba leo aonje mwingine."

"Nani atakunywa pombe ambayo mpishi wake anaiogopa?"

Wageni wakacheka. Ukaonja, kidogo tu, umefumba macho. Sherehe ilipokwisha ukamwomba mwanao. Akakuinamia, akakunusa mdomo. "Bado unanuka," alisema, akafunga mlango.

Baada ya hapo hukuacha tena. Pale hospitali ya Ndanda, tumbo lako limejaa maji, wadi ya wanaume ilikuwa na wagonjwa wa ugonjwa huohuo, ndugu zao wamewazunguka vitandani na vikapu vya chakula. Kwako tulikuwa mimi na Biblia yangu. Kabla hujakata roho uliniambia, "Modesta asije akafikiri nilimwacha kwa kupenda pombe."

Jana nilimsimulia yote. Ni mama wa watoto watatu sasa, ana sauti yako. Lukasi alikuwa hapohapo barazani, mzee wa heshima na mkongojo wake, anangoja kinywaji. Modesta alinisikiliza mpaka mwisho, mikono inaendelea kuchuja uraka.

"Mama mdogo," akasema, "mjomba ndiye aliyenilea. Mama mlevi ni mama mlevi tu."

Akajaza kikombe, akampelekea mjomba wake kwa magoti.

Nilikuahidi, dada, na nimesema. Nitasema tena. Lala kwa Bwana, ambaye nasadiki hakunusi mdomo.

Mdogo wako uliyemwachia kanga zako